King'amuzi cha simu kinalaumiwa kwa kosa lisilo lake

Shangazi yangu husema simu ya mkononi inatafuna sauti, na kwamba ile ya mezani ilimfikishia mtu mzima mzima. Juzi nilimwambia "thamani", akasikia "samani". Ikabidi nirudie mara tatu. Lawama zote akazishusha kwa king'amuzi, ile sehemu ya simu inayogeuza tarakimu kuwa sauti ya kusikika.

Hukumu hiyo siikubali. Th na s hutofautiana zaidi kwenye mawimbi ya juu, na simu ya mezani nayo ilikata karibu kila kilichozidi hezi 3,400, yaani mitetemo 3,400 kwa sekunde. Kilichoachwa upande wa msemaji, king'amuzi kitakitoa wapi?

Tazama kazi ya king'amuzi cha kwanza cha GSM, mtandao wa simu za mkononi ulioanza Ufini mwaka 1991. Kila milisekunde 20 hupokea biti 260, yaani tarakimu za 0 au 1. Kwa hizo kinadaiwa sampuli 160, yaani vipimo vya wimbi la sauti, kila moja ya biti 13, yaani biti 2,080. Kinapewa sehemu moja, kinadaiwa nane. Kwa hiyo hakinakili sauti, kinaijenga upya. Biti 36 tu zinaeleza umbo la koo na mdomo kwa wakati ule. 188 zinabeba mapigo ya kulitia umbo hilo uhai, nayo yamechujwa, katika kila sampuli 40 zimebaki 13. Kipande kikipotea njiani, hurudia kilichotangulia huku kikififisha, sikio lisishtuke. Na bado shangazi hunitambua kabla sijataja jina, hata mafua yangu huyasikia!

Wanaolalamika wana haki yao pia. Hesabu hizi zimetungwa kwa koo la mtu mmoja, ndiyo maana muziki ukipita humo huvurugika. Tena ipo GSM ya nusu kiwango, kilobiti 5.6 kwa sekunde badala ya 13, ili nafasi ya mazungumzo mamoja ibebe mawili. Hapo sauti hupungua kweli, lakini anayeamua ni mwenye mtandao.

Dawa ipo: sauti ya masafa mapana, kuanzia hezi 50 hadi 7,000, ilimradi simu zote mbili na mtandao viikubali. Wiki hii nilimpigia shangazi kwa njia hiyo. "Thamani" aliisikia mara ya kwanza.