Televisheni mpya zipimwe kwa uso wa mtu mweusi

Kazi yangu ni kupiga video za harusi hapa Lubumbashi, na kwa sababu hiyo watu hawaachi kuniuliza wanunue televisheni ipi. Wanaanza na inchi, wanafuata na 4K, halafu bei. Rangi haiulizwi, kana kwamba zote ni sawa. Mimi nasema tofauti kubwa kati ya televisheni moja na nyingine siku hizi iko kwenye rangi, na kipimo cha kwanza cha rangi hizo, kwa mnunuzi wa kwetu, kiwe ngozi yetu wenyewe. Kasuku, maporomoko ya maji na matunda yaliyokatwa, vile vinavyochezeshwa magazini mchana kutwa, havipimi kitu. Hakuna kioo kinachoshindwa kumpendezesha kasuku.

Rangi za televisheni zina mipaka iliyoandikwa. Mwaka 1931 wataalamu walichora ramani ya rangi zote ambazo jicho la binadamu huziona. Kiwango cha picha za HD, Rec. 709, kilichopitishwa mwaka 1990, kinafunika kama asilimia 36 tu ya ramani hiyo. Kile cha mwaka 2012, Rec. 2020, kinafika karibu asilimia 76, na kilipotangazwa hakukuwa na televisheni ya dukani iliyoweza kukifikia. Tangu hapo viwanda vinakimbizana nacho.

Televisheni ya LCD ya kawaida, ile yenye taa nyuma ya kioo, huanza na taa ya bluu iliyopakwa fosfori ya njano, unga unaogeuza rangi ya mwanga, mwanga ukatoka unaonekana mweupe. Ndani ya weupe huo nyekundu ni hafifu na kijani kimechanganyika na njano, na vichujio vilivyo mbele haviwezi kuokota kisichokuwemo. Ndipo zikaja nukta za kwanta. Ni fuwele za nanomita chache tu, na ukubwa wake ndio unaoamua rangi: kubwa hutoa nyekundu, ndogo zaidi hutoa kijani. Ukizimulika kwa bluu zinatoa rangi safi, isiyochanganyika na jirani yake. Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa Nobel ya kemia mwaka 2023 kwa kazi hiyo, na herufi Q mwanzoni mwa QLED, jina la kibiashara la televisheni zenye nukta hizo, inatoka huko. Kwangu hayo ni maendeleo ya kweli, nyekundu ya kitenge inaonekana nyekundu. Ila QLED bado ni LCD: taa iko nyuma na kioo kinajitahidi kuuzuia mwanga, ambao haukosi kuvuja. Sehemu nyeusi inakuwa kijivu.

OLED haina taa ya nyuma. Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak waliitangaza njia hiyo mwaka 1987: kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayojenga picha, inawaka yenyewe na kuzimika yenyewe, basi nyeusi ni nyeusi kweli. Tatizo la aina iliyoenea zaidi ni kwamba ina pikseli ya nne, nyeupe, ya kuongeza mwangaza. Picha ikiwaka sana, weupe ule unaingia na rangi inapauka. QD-OLED, iliyoingia sokoni mwaka 2022, imeiondoa pikseli hiyo. Mwanga wa bluu wa OLED unapita kwenye nukta za kwanta na kugeuzwa kuwa nyekundu na kijani, hivyo nyekundu inabaki nyekundu hata ikiwaka. Nimeiona usiku, na kwa macho yangu ndiyo picha nzuri kuliko zote. Mchana ni habari nyingine. Sebule zetu nyingi mlango uko wazi na jua la kiangazi linaingia hadi kwenye makochi, na vioo hivyo vikipigwa na mwanga wa chumba, nyeusi yake inageuka kijivu chenye zambarau kwa mbali. Muuzaji hatakuambia.

Tangu mwaka 2025 kuna kundi lingine: LCD ambazo taa ndogo za nyuma zenyewe ni nyekundu, kijani na bluu. Hisense walitoa ya inchi 116, Samsung wakaleta ya inchi 115, na watengenezaji wanajisifu kwamba wamefika karibu kabisa na Rec. 2020. Mwangaza wa televisheni hizi ni mkali, kwa hiyo mchana haziogopi. Lakini taa hizo hufanya kazi kwa mafungu, na fungu moja linahudumia pikseli nyingi. Mama akivaa kilemba chekundu, fungu lililo nyuma yake linaweza kuwaka nyekundu zaidi, na wekundu ukamwagikia paji la uso. Ukienda kuziangalia, angalia hapo, pembeni mwa kitambaa chenye rangi kali, ngozi inapoanzia. MicroLED, ambayo kila pikseli ni taa kamili, ingemaliza ubishi wote huu, ila bei yake haijashuka kufika mtu wa kawaida popote duniani.

Sasa nirudi kwenye ngozi, maana watu wengi hapa wanafikiri rangi nyingi zaidi ni uso mzuri zaidi. Rangi za ngozi ya binadamu, nyeusi kwa nyeupe, zinaingia zote ndani ya Rec. 709 ya mwaka 1990. Uso wa shangazi yako hauhitaji Rec. 2020. Unahitaji mambo mawili: rangi isivutwe, na giza lisimezwe.

Kuvutwa kunatokea hivi. Habari za televisheni na video nyingi za mtandaoni zimetengenezwa kwa mipaka ya zamani. Kioo chenye rangi pana kikizipokea, kinatakiwa kiziache pale pale. Kwenye hali ya duka hakiziachi. Kinazinyoosha zijae upana wote, majani ya uwanja wa mpira yanakuwa kama yamepakwa rangi, na uso wa kahawia unakuwa wa chungwa. Juu yake wanaongeza weupe wa kibaridi, wenye bluu, kwa sababu bluu inafanya picha ionekane inang'aa chini ya taa za magazini. Weupe uliokubaliwa kwa televisheni ni wa kelvini kama 6500, kipimo cha joto la rangi ambacho namba yake ikipanda bluu inaongezeka. Ukizidishwa sana, mtu mweusi anaonekana kama amepakwa majivu. Nimeona bibi harusi aliyepambwa saa tatu nzima akitokea vile kwenye kioo cha ukutani, mbele ya wageni wake, na mama yake akiniuliza nimemfanya nini mtoto.

Tatizo la giza ni kubwa zaidi. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo, basi jioni ukumbini uso wote unaishi kwenye ngazi za chini za picha. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, na uso wa mjomba mwenye suti nyeusi unapata chache tu kati ya hizo. Kioo kinachovuja mwanga kinazifunika nusu. Ndevu, shavu, kola ya koti, vyote vinakuwa donge moja. Biti 10 zina ngazi 1024, na OLED inaweza kuzionyesha zile za chini kabisa: unaona jasho kwenye kipaji, unaona shavu linapoishia na kivuli kinapoanzia. Hapo ndipo teknolojia mpya imetutendea jambo, na matangazo hayalitaji kabisa kwa kuwa yanahesabu mabilioni ya rangi.

Hii haikuanza leo. Kwa miaka mingi Kodak walikuwa wakipelekea maabara kadi ya kusawazishia rangi, na juu yake kuna mwanamke mweupe. Uso wake ukitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Picha za familia zetu, ambamo wazee wamebaki macho na meno, zinabeba matokeo ya uamuzi huo. Sikubali jambo hilo lijirudie kwenye vioo vya bei ya maelfu ya dola kwa sababu tu sisi wanunuzi hatukuuliza.

Basi ukienda magazini nenda na fleshi yako. Weka humo video ya nyumbani iliyopigwa jioni, yenye nyuso unazozijua na vitenge unavyovijua. Huhitaji kamera kubwa. Simu zimetutangulia, iPhone 7 ya mwaka 2016 tayari ilipiga picha zenye rangi pana kuliko Rec. 709. Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani, tukamwomba kijana wa duka aondoe kasuku wake.

"Papa, hii ndiyo inaonyesha nguvu ya mashine," akasema.

"Nguvu tumeiona, mwanangu. Tuonyeshe watu."

Akaingiza fleshi. Menyu ilikuwa ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi hapa mjini, ikiwa kwenye Dynamique, hali ya rangi kali. Tukahamia Cinéma, hali ya sinema, na joto la rangi tukaliweka Chaud, yaani weupe usio na bluu nyingi. Kwa dakika chache picha inaonekana ya njano, macho yanalalamika, kisha yanazoea na ngozi inarudi. Televisheni tatu zilizokuwa zikigombana ukutani zilianza kutofautiana kweli: moja ilimpoteza babu kwenye kiti chake cha nyuma, mbili zilimwonyesha. Jirani alinunua moja ya hizo mbili, mini LED, yaani LCD yenye taa ndogo nyingi nyuma, pamoja na nukta za kwanta, kwa kuwa wao huangalia mchana. Ningekuwa mimi, ambaye huangalia usiku watoto wakishalala, ningechukua OLED ndogo kuliko LCD kubwa, na stabilizateri nzuri ya kuilinda, maana umeme wetu tunaujua.

Neno langu la mwisho ni kwa wenzangu wa kamera. Kioo hakiwezi kurudisha tulichokitupa. Gauni jeupe likiwa mbele yetu tunafunga mwanga ili lisiungue, na bwana harusi anazama. Kamera yenye biti 10 na HDR, njia ya kushika mwanga mkali na giza kwa pamoja, ina nafasi ya wote wawili, kwa hiyo tuitumie, tuweke taa upande wa uso wake, na tunapotoa faili tusilibane mpaka vivuli vikavunjika vipande. Mteja aliyenunua kioo kizuri anayo haki ya kumwona mume wake.