Simu Haina Haja ya Kutusikiliza

Ukikaa kwenye baraza yoyote ya kahawa hapa mjini Zanzibar, iwe Jaws Corner au maskani za mitaani, hukosi kumsikia mtu anayeapa kwamba simu yake inamsikiliza. Jioni alizungumza na mkewe habari ya kununua friji, na asubuhi Instagram ikamletea matangazo ya mafriji. Kwamba matangazo hayo yalimjia, namwamini. Sababu anayoitoa ndiyo inayonishinda. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern nchini Marekani walichunguza programu zaidi ya 17,000 za simu za Android, na hawakupata ushahidi wa programu inayofungua maikrofoni kwa siri ili kunasa mazungumzo. Walichokikuta ni baadhi ya programu zinazopiga picha za skrini au kuirikodi na kuzituma kwa kampuni nyingine pasipo mwenye simu kuarifiwa. Ubishi wa maikrofoni unatuweka macho na jambo lisilothibitika, huku yaliyothibitika yakifanyika mbele yetu.

Anayetaka kujua mitandao inamfahamu kwa kiasi gani asianzie upande wa mtazamaji, bali aende akakae na mfanyabiashara. Jirani yangu mmoja wa Mwembetanga anashona na kuuza madira na magauni ya Sikukuu, na wateja wake wengi huwapata Facebook na Instagram. Mwezi wa Ramadhani, anapotaka kulipia tangazo, huniita nikae naye tusaidiane kujaza. Huulizwa tangazo liwafikie wanaume au wanawake, wa umri gani, walio sehemu gani na wanaopendelea mambo gani. Anaweza kuchora duara kwenye ramani likaizunguka Ng'ambo na Mji Mkongwe, na Nungwi ikabaki nje. Anaweza pia kupakia namba za simu za wateja wake wa zamani, mfumo ukazilinganisha na akaunti zilizopo, kisha ukamtafutia watu wengine wanaofanana na hao. Wanafanana kwa lipi, haelezwi. Yeye hulipa, na wateja huja.

Mwezi wa Novemba 2021 kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook na Instagram, ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2022 itaviondoa vipengele vya matangazo vinavyogusa mambo nyeti kama vile dini, afya na siasa. Ilikuwa hatua ya haki, lakini isitupumbaze. Gauni la Idi huwafikia wanaosherehekea Idi bila ya muuzaji kuchagua dini ya mtu, kwani ukishamjua aliyezitazama video za mapishi ya futari hadi mwisho, aliyefuata kurasa za mabaibui na anayeandikiana na wenziwe wa namna hiyo hiyo, huhitaji tena kuandika dini yake popote.

Wala taarifa hizo hazitoki ndani ya mtandao peke yake. Tovuti na programu nyingi zisizo za Meta, za maduka, za habari, za hoteli, zimewekewa kipande cha msimbo wa kompyuta kinachoipelekea kampuni hiyo habari za nani ameingia na amebofya nini. Aprili 2021 Apple iliwapa watumiaji wa iPhone uwezo wa kukataa kufuatiliwa kutoka programu moja hadi nyingine, na mwanzoni mwa mwaka 2022 Meta wenyewe wakakadiria kwamba mabadiliko hayo yangewapunguzia mapato ya takriban dola bilioni 10 kwa mwaka huo. Jambo linalogharimu fedha za kiasi hicho linapozuiwa si jambo dogo. Bahati mbaya simu nyingi za huku kwetu ni Android, na faraja hiyo haikutufikia.

Kufuatiliwa ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kuongozwa. Januari 2012, kwa muda wa wiki moja, Facebook ilibadilisha machapisho waliyoyaona watumiaji 689,003, wengine wakapunguziwa maneno ya furaha na wengine ya huzuni, ili kupima kama hisia zao zingefuata mkondo huo. Watu hao hawakuelezwa, na utafiti ulipochapishwa mwaka 2014 ndipo dunia ilipojua. Athari iliyopimwa ilikuwa ndogo mno, na sitaki kuikuza. Kinachonikera ni kwamba iliwezekana kufanyika bila ya yeyote kati yao kuhisi kitu.

Kwa jirani yangu naliona jambo hilo kwa karibu zaidi. Zamani alikuwa akipiga picha ya gauni kwenye enga, anaandika saizi na bei, basi. Siku hizi bei haiandiki. Mteja huuliza kwenye maoni, yeye hujibu "njoo inbox", mwengine huuliza tena, wa tatu hulalamika kwa nini bei inafichwa, na kadiri maoni yanavyoongezeka ndivyo chapisho linavyosukumwa mbele ya watu wengi. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Alijifunza kwa kuona lipi linapanda na lipi linazama, na biashara iliyokuwa ya uwazi ikawa ya mafumbo ili mashine iridhike. Sisi wateja tunamlaumu yeye.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu zaidi watu wa visiwani. Mtu anapoiruhusu programu kusoma orodha ya namba katika simu yake, hatoi siri yake pekee. Anampeleka shemeji, mwalimu wa chuoni, fundi na daktari wa mkewe, kila mmoja kwa jina alilohifadhiwa nalo. Katika jamii ambayo watu wa Wete kisiwani Pemba na wa Mjini Unguja wanajuana kwa ukoo na kwa ndoa, simu chache zinatosha kuukusanya ukoo mzima, akiwemo bibi wa Konde anayetumia kitochi na ambaye hajawahi kufungua akaunti yoyote. Kauli ya "mimi sina cha kuficha" haina maana hapa, kwani unachokitoa si chako.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Ridhaa ni moja ya nguzo za sheria hiyo, lakini ridhaa ya bibi wa Konde aliitoa nani? Meta wana ukurasa ambapo mtu, hata asiye na akaunti, anaweza kuomba namba yake ifutwe katika orodha walizopakia wengine. Umefichika ndani ya kurasa za msaada, na kampuni inaeleza kwamba ili namba isipakiwe tena, ni lazima ibaki na nakala yake katika orodha ya zilizozuiwa. Mzigo huo si wa bibi kuubeba. Tume ingeanzia hapo: namba ya mtu asiye na akaunti isihifadhiwe kabisa mpaka mwenyewe akubali, na kampuni ndiyo itakiwe kuthibitisha kwamba amekubali.