Nta ya manukato: kipande kimoja kinatosha

Niliachana na mishumaa kwa sababu ya masizi. Nilikuwa nafuta ukuta ule ule kila mwezi, mpaka nikajaribu nta ya manukato isiyo na utambi. Unaweka kipande kwenye kisahani cha umeme, kinayeyuka taratibu, chumba kinaanza kunukia. Hakuna mwali wa kuchungulia kila saa. Naipenda kweli, na ndiyo maana inaniuma kuona inavyotumiwa vibaya.

Kosa kubwa ni kuzidisha. Pua huchoka upesi: ukikaa na harufu ile ile kwa muda, unaacha kuisikia ingawa bado imejaa chumbani. Basi mtu anadhani nta imeisha nguvu, anaongeza kipande cha pili, kisha cha tatu. Mgeni akifungua mlango anakabwa na harufu. Mimi hutoka nje dakika kumi, nikarudi. Nikiisikia ningali mlangoni, sigusi kitu.

Usipime kwa kuangalia nta pia. Nta haikauki kama maji. Kinachoruka hewani ni mafuta ya manukato, na nta yenyewe hubaki kisahanini karibu vile vile. Kwa hiyo kisahani kinaweza kuwa kimejaa na harufu hakuna. Hapo inyonye kwa pamba ikiwa bado ya uvuguvugu, uitupe kwenye pipa la taka. Tafadhali usiimwage kwenye sinki! Ikipoa huganda ndani ya bomba, na kuzibua ni kazi.

Kuhusu aina, mimi ni wa soya. Huyeyuka kwa joto dogo. Parafini, inayotokana na mafuta ya petroli, nayo hunukia vizuri, sina ugomvi nayo. Nta ya nyuki huhitaji joto la nyuzi 62 hivi, tena ina harufu yake ya asali inayogombana na manukato mengine.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hewa. Kukosekana kwa moshi hakumaanishi kwamba hakuna kitu hewani. Limonini iliyomo kwenye manukato ya limau na machungwa, na linaloli ya lavenda, zikikutana na gesi ya ozoni hutengeneza kemikali nyingine, ikiwemo fomaldehaidi, ambayo ni gesi ya sumu. Wanaouza nta wangepaswa kuandika hilo kwenye pakiti kwa herufi kubwa. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua, na ndege wa kufugwa wana mapafu mepesi kudhurika. Paka naye asiwekwe karibu na mafuta ya manukato ya mti-chai (tea tree).

Nyumbani kwangu dirisha huwa wazi kidogo, kipande ni kimoja, na baada ya saa mbili nazima. Chumba cha mtoto sikiwekei kabisa. Na kama kuna kitu kinanuka vibaya, kwanza nakitafuta nikakitoe. Kisahani hukiwasha baadaye.