Mashine ya Mazoezi ya Glasgow Haifai Shangani, Mtwara

Sisi tunaoishi Uingereza, tunapofunga mizigo ya kupeleka nyumbani, siku hizi hatuachi kupakia mashine za kukimbilia ndani (treadmill) zilizotumika, maana huku zinapatikana kwa bei ya kutupa. Nia ni njema: mashine imemsaidia mtu kupunguza presha na uzito, naye anataka imsaidie mama yake aliyeko Mtwara. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kifaa cha mwisho ambacho mama huyo anastahili kupelekewa.

Glasgow, ninakoishi, mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa 3 kasoro robo asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri, hivyo mfanyakazi hutoka nyumbani gizani na kurudi gizani, tena njia zikiwa na barafu. Kukimbia ndani hapa si anasa. Mtwara jua huchomoza karibu saa 12 mwaka mzima, na mwenye miguu mizima anaweza kutembea kwa haraka ufukweni Shangani kabla ya joto, akatimiza zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima, bila kununua chochote.

Hata hivyo, siungi mkono wanaosema kwamba mashine nyumbani ni maringo. Wapo wazee wenye magoti mabovu, na wapo akina mama wasiojisikia huru kukimbia barabarani huku wakikodolewa macho. Hao wanahitaji kifaa, ila kiwe kinachofaa mahali walipo.

Mashine ya kukimbilia inategemea mota inayovuta mkanda, na kila unyayo unapotua mzigo wa mota huongezeka. Plagi ya Uingereza inaingia kwenye soketi ya Mtwara na nguvu ya umeme ni ileile ya volti 230, jambo linalowadanganya wengi, kwa sababu hatari haiko kwenye plagi bali kwenye umeme unaopanda, kushuka na kukatika ghafla. Saketi huungua, na mzee aliye juu ya mkanda unaosimama bila taarifa anaweza kuanguka. Ongeza chumvi ya hewa ya bahari inayokula skrubu, mchanga laini unaosaga ubao ulio chini ya mkanda, na gharama ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla.

Baiskeli ya mazoezi inayotumia sumaku haina shida hizo za umeme na mkanda. Sumaku husogezwa karibu na gurudumu zito bila kuligusa, ugumu ukaongezeka, na aina nyingi za kawaida hazihitaji umeme wa ukutani isipokuwa betri ndogo za kioo cha kuonyesha muda. Miguu haipigi chini, kwa hiyo magoti hupata nafuu. Kwa mzee, ningechagua ile yenye siti pana na egemeo la mgongo. Siti irekebishwe hadi goti libaki limekunjika kidogo pedali inapokuwa mbali kabisa. Mashine ya kupiga makasia inayotumia upepo nayo haidai umeme na hufanyisha kazi mgongo na mikono, lakini ina urefu wa karibu mita mbili na nusu, na anayeivuta vibaya huumia kiuno. Sijui pia wavuvi wa Mikindani, jirani na Mtwara mjini, watatuonaje tukipiga kasia sebuleni.

Kabla ya kulipia nafasi kwenye kontena, mpigie mama simu, apimiwe chumba na aulizwe kama daktari wake ameridhia. Baiskeli ikifika, ikae mbali na dirisha linaloelekea baharini, ifutwe jasho kwa kitambaa kikavu kila baada ya kutumika, na skrubu zake zipakwe grisi mapema, kabla kutu haijaanza.