Karia Tupu Asubuhi ya Kipupwe

Nikipita kijijini na baiskeli asubuhi ya Jumamosi, swali la kwanza huwa ni "Unakwenda wapi?" Kabla sijajibu, muulizaji ameshatupa jicho nyuma ya tandiko, na swali la pili linatoka: "Mzigo uko wapi?" Huu ni mwaka wa tatu naishi Njombe, na lile la pili bado linanishinda.

Siwalaumu. Huku baiskeli ni punda wa chuma. Inabeba lumbesa ya viazi mpaka fremu inalia, mkaa, mbao, ndoo za pombe, na mgonjwa aliyefungwa kanga mbili asidondoke njiani kwenda zahanati. Hata neno bodaboda tunalolitumia kwa pikipiki lilizaliwa kwenye karia ya baiskeli kule Busia, watu wakivushwa mpaka kati ya Kenya na Uganda. Baba yangu alikuwa na Swala, zile baiskeli zilizokuwa zikitengenezwa hapahapa nchini, na sikumbuki hata siku moja aliyoipanda bila sababu. Sababu ikiisha, baiskeli ilifutwa vumbi, ikaegeshwa ukumbini, na sisi watoto tukaonywa tusiiguse.

Kwa hiyo mtu mzima anayekanyaga pedali kilomita 30 kwenye ukungu, karia tupu, halafu anageuza na kurudi alikotoka, lazima ana walakini. Ama anadaiwa, ama ana mchepuko kijiji cha tatu. Kuna mzee mmoja aliwahi kuniuliza kwa upole kabisa kama nyumbani kuna amani.

Jibu langu siku hizi ni "Natembea tu, babu." Nimegundua linatosha. Mtu akikwambia alikwenda Songea kutembea, humuulizi kama alikwenda kwa miguu. Unajua alikwenda kusalimia, kuona, kula na kurudi. Kutembea kwa Kiswahili hakuhitaji sababu, ila wenye baiskeli hatukujihesabu humo.

Nina jambo jingine ambalo wenyeji wangu hawakubaliani nalo kabisa: msimu wa kutembea hivi ni huu huu wa kipupwe, Juni hadi Agosti, wakati mji mzima umejifungia ndani na majiko ya mkaa. Wao wanasubiri Oktoba jua lichomoze vizuri. Mimi Oktoba naipumzisha.

Nimekulia Dar, na kule nilijaribu. Nilinunua baiskeli ya mtumba yenye gia, nikatoka saa kumi na mbili asubuhi kuelekea Kigamboni. Saa moja na nusu nilikuwa nimekaa chini ya mwembe, fulana unaweza kuikamua ukajaza kikombe. Baadaye ndipo nikaelewa kilichonipata. Misuli ikifanya kazi, takribani robo tu ya nguvu ya chakula ndiyo inayogeuka kuwa mwendo, na robo tatu zinazobaki ni joto. Mwendesha baiskeli ni jiko linalotembea. Mwili unajipoza kwa jasho, lakini jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Pwani hewa imeshiba maji, jasho linatiririka tu, linaingia machoni na kukukera bure.

Njombe mjini pako karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo tukiwa bado hatujaongelea kipupwe chenyewe, tayari tumeshaiacha pwani kwa nyuzi kumi na kitu. Ongeza pepo za kusi zinazotoka baharini, zikipanda nyanda hizi zinatupa ukungu na manyunyu hata mwezi wa saba, wakati mvua za masika zimekwisha kabisa. Jiko linalotembea linataka hali hiyo hasa. Dakika kumi za kwanza unajilaani. Dakika ya kumi na tano unafungua zipu ya jaketi. Kilima cha pili unavimba kichwa, unaona kama miguu umeazima kwa mtu mwingine aliye kijana zaidi.

Kosa la wageni wengi, mimi nikiwemo mwaka wa kwanza, ni kuvaa kwa ajili ya kupanda kilima na kusahau kwamba kuna kushuka. Ukipanda, unatoa jasho taratibu. Ukifika juu unaachia, baiskeli inashika kilomita 35 au 40 kwa saa, upepo unapita kwenye fulana iliyolowa, na ndani ya dakika mbili vidole havina habari na wewe. Hilo la vidole si mzaha, maana breki inabanwa na vidole. Nilishawahi kuingia kwenye shamba la miwati la mtu kwa sababu ya mkono uliokataa kufunga. Sikuumia, ila mbuzi mmoja alinitazama kwa dharau ambayo sijaisahau.

Dawa yake ni ya bei ya chini. Gazeti. Unalikunja, unaliweka kifuani chini ya sweta kabla ya kuanza kushuka, na upepo unakoma pale. Waendesha baiskeli wa mashindano huko Ulaya walifanya hivyo miaka mingi kwenye vilele vya milima, wakipewa magazeti na watazamaji wa kando ya barabara. Mikononi mimi navaa soksi za sufu, maana glavu nzuri sijazipata mjini, na kichwani mzula. Ukinikuta hivyo alfajiri usikimbie. Na kitu kimoja kuhusu magurudumu: upepo wa tairi nao hunywea kwa baridi. Ukijaza mchana wa jua, alfajiri ukibonyeza unakuta limelegea, ukadhani ni pancha. Pampu kwanza, fundi baadaye.

Njia niipendayo ni ya Uwemba. Natoka mjini kabla maduka hayajafunguliwa, taa inawaka mbele na nyuma, kwa sababu ukungu wa hapa unaweza kumficha ng'ombe mzima hatua kumi mbele yako. Huoni kitu, kwa hiyo unasikia. Unasikia shoka mahali fulani bondeni. Unasikia redio kwenye nyumba ya bati usiyoiona, mtu anatangaza matokeo ya mpira. Unasikia mnyororo wako mwenyewe, na ukiwa umekauka utaujua hapo hapo. Halafu harufu: moshi wa kuni mbichi, majani ya mkaratusi yaliyolowa, udongo mwekundu. Watu wanatokea kwenye weupe mmoja mmoja kama wamechorwa kwa penseli, kwanza kivuli, kisha koti, kisha sura. "Kamwene!" Unajibu, na kabla hujamaliza wameshamezwa tena nyuma yako.

Mnamo saa tatu ukungu unaanza kupasuka. Haupandi kama pazia, unachanika vipande. Unaona kilele cha msonobari bila shina lake. Unaona mstari wa chai, kisha mstari mwingine, kisha bonde lote la kijani kibichi ambalo dakika tano zilizopita halikuwepo. Hapo nasimama. Sijali kama nipo katikati ya kilima na nitapata shida kuanza tena. Nasimama, naegemeza baiskeli, nakula kiazi nilichochemsha usiku. Kiazi cha moto kimeshapoa zamani, lakini ukikiweka mfuko wa ndani wa koti kinakuwa na uvuguvugu wa mwili wako, na kwa chumvi kidogo hakuna chakula cha hoteli kinachokisogelea.

Siku nikiwa na uvivu nakwenda tu hadi maporomoko ya Luhuji, hapo mjini kando ya barabara kuu. Nayapenda kwa sababu ya ugeni wangu. Maji yale yanashuka mpaka Kilombero, yanaingia Rufiji, yanapita bwawa la umeme la Julius Nyerere, ndipo yanamwagika baharini mkabala na Mafia. Nikisimama pale nimejikunyata, huwa nawaza kwamba maji haya haya yanaenda kuzungusha feni ya mama yangu Mbagala.

Sasa nina ugomvi kidogo na wenzangu. Kuna vijana mjini wameanza kuendesha pamoja, jambo zuri, na nimetoka nao mara mbili. Wanapenda mwendo. Simu imefungwa kwenye usukani, inahesabu kasi, mapigo ya moyo, na mita ulizopanda, na jioni wanalinganisha kwenye kundi la WhatsApp. Tulipita Uwemba mara ya kwanza bila hata kunywa chai. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa tukisimama wastani utashuka. Mimi nina miaka 46, wastani wangu ulishashuka zamani. Sisemi wamekosea. Wana mapafu yao na wayatumie. Ila tukipita kijiji kwa kasi ya namna ile hakuna anayeuliza unakwenda wapi, na mimi nimekuja kugundua kwamba lile swali ninalolilalamikia ndilo nusu ya raha.

Ndio walionishauri niing'oe karia. Walisema ni kilo za bure, na baiskeli yenye karia inaonekana ya muuza maziwa. Nikaing'oa. Kwa mwezi mmoja nilikuwa mwepesi na mtanashati, na hakuna aliyenisimamisha. Nilidhani ni heshima. Kumbe mtu asiye na karia hana msaada kwa yeyote, kwa hiyo hana haja ya kusimamishwa.

Nikairudisha. Jumamosi iliyofuata, kwenye mteremko wa kurudia mjini, mama mmoja akanipungia mkono. Alikuwa na ndoo ya njegere na mtoto mgongoni, na gari la asubuhi lilikuwa limeshapita. "Baba, naomba unisaidie hii ndoo mpaka pale kwa dada yangu, kwenye duka la bluu." Hakunijua. Akaifunga mwenyewe kwa mpira wa tyubu, fundo ambalo sijawahi kulijua, akaivuta mara mbili kuhakikisha, akaniambia niende polepole kwenye matuta. Dukani dada mtu akaipokea bila mshangao wowote, akanipimia chai ya tangawizi, akakataa hela.

Barabara zenyewe sizisifii. Ile kuu ya lami haina pa kujibana. Malori ya mbao yanakuja kwa kishindo, na baiskeli inatakiwa ijue yenyewe pa kwenda, yaani mtaroni. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulitenga Juni 3 iwe Siku ya Baiskeli Duniani, na tarehe imetuangukia vizuri, mwanzoni kabisa mwa kipupwe. Kwangu ingetosha kuiadhimisha kwa kuchora mita moja ya bega la barabara kutoka mjini hadi pale njia za vumbi zinapoanzia. Hadi hapo nitaendelea kushauri yeyote atakayeniuliza: lami ivuke tu, usisafiri nayo, hasa ukungu ukiwepo. Njia za vumbi zina mawe na zina mbwa, lakini mbwa unaweza kuzungumza naye.

Jumamosi hii natoka tena. Yule mama aliniambia njegere zinavunwa kila wiki, na mpira wake wa tyubu bado nimeufunga kwenye karia.