Hazina ndani ya hazina, na .gitignore isiyosikia
Katika Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili, hazina (repository) ni folda ya mradi pamoja na historia yake, na .gitignore ni faili la kuorodhesha vya kupuuzwa. Ukipiga `git add .`, amri ya kusajili vyote vilivyomo, kabla ya kuandika jina la folda `maktaba/` kwenye .gitignore, na humo ndani kuna hazina nyingine ya Git, mafaili yake hayachukuliwi. Git inasajili kiungo tu cha aina 160000 (namba yake ya kuashiria hazina ya ndani), inatoa onyo refu ambalo hakuna anayelisoma, basi. Mradi unasukumwa mtandaoni kutoka Kampala, mwenzako wa Gulu anamaliza MB zake kuupakua, anakuta folda tupu. Na MB hazirudishwi!

Kuongeza ule mstari baadaye ni kazi bure, maana kilichokwisha sajiliwa hakipuuzwi. Hata `git check-ignore -v maktaba`, amri ya kuuliza kama kitu kinapuuzwa, inanyamaza kimya mpaka uweke `--no-index`, yaani isitazame orodha ya vilivyosajiliwa. Dawa ni `git rm --cached maktaba`, inayofuta usajili bila kugusa mafaili, kisha uhifadhi mabadiliko (commit).

Halafu kuna `git clean -fdx`, amri ya kufuta visivyosajiliwa. Inafagia vyote vilivyopuuzwa, ila hazina ya ndani inairuka. Ongeza f moja tu, yaani `-ffdx`, inaifuta pamoja na historia yake yote bila kuuliza. Herufi moja, jamani! Tanguliza `git clean -ffdxn`, ikuoneshe kitakachofutwa.