Ugiriki Ililipa Mara Mbili

Kila Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, linapotajwa, utasikia lilikufa kwa sababu halikuwa na jeshi, Marekani ilikataa kujiunga, na maamuzi yalihitaji kura ya wote, bila hata mmoja kupinga. Ni kweli, lakini hayo yote yalikuwepo hata pale lilipofaulu.

Chukua Oktoba 1925. Baada ya askari kurushiana risasi mpakani, jeshi la Ugiriki liliingia Bulgaria, karibu na mji wa Petrich. Baraza la Shirikisho lilikutana haraka na kuwapa Wagiriki saa 60 wawe wametoka. Wakatoka, na baadaye wakalipa fidia ya pauni 45,000. Jeshi halikuwepo, Marekani haikuwepo, na kura ilikuwa ileile ya wote. Kilichokuwepo ni Uingereza, Ufaransa na Italia zikisema neno moja.

Sasa rudi nyuma miaka 2. Jenerali Tellini wa Italia aliuawa akipima mpaka wa Ugiriki na Albania. Waliomuua hawakujulikana, lakini Mussolini, mtawala wa Italia, hakungoja uchunguzi: alikipiga mizinga kisiwa cha Corfu cha Ugiriki, wakafa hata wakimbizi waliokuwa wamejihifadhi kwenye ngome. Ugiriki ilikimbilia Geneva, makao ya Shirikisho. Italia, yenye kiti cha kudumu kwenye Baraza, ikagoma kuhojiwa huko, na kesi ikaishia mikononi mwa mkutano wa mabalozi wa mataifa makubwa. Aliyepigwa ndiye aliyeamriwa kulipa, lira milioni 50.

Kwa hiyo Ugiriki ilipovamia ililipa, na ilipovamiwa ililipa pia. Mwenye nguvu mpishe, hata Geneva.

Ndiyo maana yaliyoipata Ethiopia mwaka 1935, ilipovamiwa na Italia, hayanishangazi, ingawa yananikera. Ilikuwa mwanachama tangu 1923. Italia iliwekewa vikwazo kweli, ila mafuta yaliachwa nje, nayo ndiyo yaliyoendesha malori na ndege zake. Mfereji wa Suez, ambao Uingereza ingeweza kuufunga, ulibaki wazi. Meli za askari zilipita zikilipa ushuru kama meli za biashara. London na Paris zilimwogopa Hitler na zilitaka Mussolini abaki upande wao. Juni 30, 1936 Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, alisimama mwenyewe Geneva kudai haki, waandishi wa Kiitaliano wakimzomea kwa miluzi. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa. Na Mussolini, aliyebembelezwa kiasi hicho, akaenda kwa Hitler hata hivyo.